Mguu Usiotaka Mzaha

Fundi Chokaa hakuingia hospitalini kutibu mtu. Aliingia na ndoo mbili, mwiko, ubao wa kusawazishia na mfuko wa saruji begani, kwa sababu ukuta wa chumba cha plasta ulikuwa umenyonya maji ya sinki miaka nenda miaka rudi, mpaka lipu ikavimba na kuanza kubanduka yenyewe. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minane, mke, watoto watatu, na mikono iliyoshika mwiko tangu hajaota ndevu. Walimtundikia shuka kuukuu katikati ya chumba ili vumbi lisiwafikie wagonjwa, wakamwambia amalize kazi kwa siku tatu, kimya kimya.

Siku tatu aliziweza. Kimya ndicho kilichomshinda.

Siku ya pili, akiwa upande wake wa shuka, alisikia mtoto analia na mtu mzima anaguna. Akachungulia. Daktari wa mifupa, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa peke yake na mguu wa mtoto. Mfungaji plasta wake alikuwa amestaafu na wa kuziba pengo hajaletwa. Daktari alichovya bendeji ya plasta kwenye beseni, akaikamua, akaanza kuizungusha, na kabla hajafika mzunguko wa tatu bendeji ikawa ngumu mkononi kama biskuti. Akaitupa. Akachovya nyingine. Nayo vilevile.

“Daktari,” sauti ikatoka nyuma ya shuka, “maji yako ya moto.”

“Wewe ni nani?”

“Fundi wa ukuta.”

“Basi shughulika na ukuta.”

Fundi akarudi kwenye ukuta wake. Bendeji ya nne ilipoanguka sakafuni, shuka likasogezwa, safari hii na Daktari mwenyewe.

“Umesema maji yaweje?”

Ya vuguvugu, Fundi alimwambia, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Na bendeji isikamuliwe kama nguo ya kufua. Iachwe mpaka imalize kutoa mapovu, kisha ibanwe ncha zake mbili kidogo tu, maana uji wa plasta ukitoka wote kinachobaki ni kitambaa. Hakuwahi kufunga mguu wa mtu maishani mwake. Lakini unga mweupe ule alizijua tabia zake zote, kama unavyomjua shemeji uliyekaa naye nyumba moja: ukiuharakisha unakasirika, ukiuchelewesha unakususia.

Ndivyo ilivyoanza. Daktari aliisumbua ofisi kwa barua mpaka wakubwa wakachoka. Fundi akapelekwa kozi ya mwaka mzima, akakaa darasani na vijana wa miaka ishirini waliomwita babu, akakariri majina ya mifupa huku akitembea njiani kama mwendawazimu, akarudi na cheti na koti jeupe. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alilipunguza lile koti mikono, akamzungusha kumtazama mbele na nyuma, akasema, “Haya. Miaka yote hii ulikuwa unarudi nyumbani mweupe bila cheti. Sasa unacho.”

Jina la Fundi Chokaa alipewa na watoto. Chumba chao kilikuwa kidogo: kitanda kirefu chenye mpira mweusi juu yake, sinki, kabati la pamba na bendeji, meza ya mikasi, na sakafu ambayo hata ipigwe deki mara ngapi, saa nne asubuhi imeshakuwa nyeupe. Mtoto akiingia analia, Fundi humuuliza kwa ukali kama amekuja na kibali cha ujenzi. Humpima mguu kwa futi kamba, huguna, husema hapa patahitaji matofali mia tatu na choo cha nje. Machozi hukatika katikati ya shavu. Mtoto aliyevunjika mkono kwa kuanguka mtini aliondoka akiringia plasta yake kama saa mpya.

“Mwilini mwa binadamu nimeona kila kitu kikivunjika,” Daktari alimwambia siku moja, “isipokuwa ulimi wako.”

“Hauna mfupa, Daktari.”

“Ndiyo maana siwezi kuutibu.”

Wakafanya kazi hivyo miaka kumi na mmoja, mmoja anasema, mwingine anavumilia, na chumba kikawa hakikosi watu.

Asubuhi moja akaingia bibi mmoja mfupi, mnene, mwenye kijasho cha safari, amembeba mjukuu mgongoni ingawa mjukuu ana miaka sita na miguu yake inaning’inia mpaka kwenye magoti ya mbebaji.

“Shuka, mke mwenza,” bibi akasema, “nimechoka kukubeba na bado hujanisaidia hata kuosha kikombe.”

Mtoto akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha kawaida. Kilianzia tumboni, kikapanda kifuani, kikakwama kidogo kooni, kisha kikalipuka na kujaza chumba. Waliokuwa kwenye benchi nje walicheka bila kujua kinachochekesha ni nini. Hapohapo Fundi akambatiza: Cheko.

Cheko alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na ubongo wake ukapata madhara siku zile za mwanzo. Mama yake alifanya kazi mji wa mbali na kuja mwisho wa mwezi. Aliyemlea ni Bibi. Kusema alisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele, lakini ukimngoja amalize utakuta amekuzidi akili. Taabu yake ilikuwa miguu. Misuli ilikuwa imekaza. Akisimamishwa alisimama kwa ncha za vidole, visigino juu, magoti yanagongana, na akijaribu hatua mguu mmoja unapita mbele ya mwenzake kama mkasi.

Daktari akavuta kigoda, akaushika mguu wa kulia, akaukunja juu haraka. Ukagoma na kurusha teke. Akaushika tena, safari hii akausukuma taratibu mno, huku akihesabu kimoyomoyo. Ukakubali kidogo.

“Umeona, Bibi? Mguu wenyewe hauna kosa. Kichwa kinatuma amri ya kukaza, halafu kinachelewa kutuma amri ya kulegeza.”

“Kama marehemu babu yake,” Bibi akasema. “Kufungua bomba alijua sana. Kufunga ndiyo ilikuwa kazi.”

Cheko akalipuka tena, na miguu yake yote miwili ikanyooka kama fito. Daktari aliliona hilo. Fundi hakuliona, alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Mpango ukawa huu. Kwanza Cheko angechomwa sindano ya kulegeza misuli ya mashavu ya miguu. Baada ya wiki mbili angefungwa plasta chini ya magoti, kila mguu na yake, nyayo zikiwa zimeinuliwa kidogo tu kuliko zinavyopenda. Baada ya wiki plasta inatolewa, nyayo zinainuliwa kidogo tena, inafungwa mpya. Wiki tano au sita hivyo, mpaka unyayo na mguu vifanye pembe mraba, ndipo apimwe vikinga vya plastiki vya kuvaa ndani ya viatu. Ikishindikana, patabaki upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino.

“Na kichwa?” Bibi akauliza. “Kitapona?”

“Kichwa hakitabadilika. Nitakudanganya nikisema kingine. Ninachotaka ni visigino vifike chini, ili akijifunza kutembea ajifunze juu ya unyayo mzima.”

Bibi akafikiri. “Samaki mkunje angali mbichi.”

“Mkunje,” Daktari akasema, “lakini polepole.”

Siku ya plasta ya kwanza Fundi alikuwa na furaha kama mtu aliyealikwa harusini. Alikuwa amewakosa Cheko na bibi yake kwa wiki mbili. Alipima mguu kwa futi kamba, akatangaza kwamba nyumba hii itakuwa ya ghorofa. Cheko akacheka, mguu ukanyooka. Daktari, aliyekuwa ameshika unyayo, akausubiri ulegee. Bibi naye akatia neno lake: ghorofa sawa, ila ngazi ziwe nje, kwa maana mke mwenza anakoroma. Kicheko. Fito.

“Fundi,” Daktari akasema.

“Nimekusikia, Daktari.”

Soksi ya pamba ikavishwa, pamba ikazungushwa, nene zaidi kisiginoni na kwenye vifundo, bendeji ikaanza kupita. Hapo simu ya ukutani ikalia. Chumba cha upasuaji kilimtaka Daktari kwa swali la dakika mbili. Akamwachia Fundi unyayo. “Viganja,” akamkumbusha akiwa mlangoni, “si vidole.”

Hilo Fundi alilijua kuliko kitu chochote. Plasta mbichi hushikwa kwa kiganja kizima, kwa sababu ncha ya kidole huacha shimo, na shimo la nje ni kivimbe ndani. Alishika kwa viganja. Lakini chumba kilikuwa kimya mno, Cheko anamtazama kwa macho ya mtu anayesubiri, na ulimi ukamwasha. Akanong’ona, “Daktari amekwenda kuuliza bei ya mabati.”

Mguu ukaruka. Aliudaka kwa vidole, kama mtu anayedaka sahani isianguke, akauminya kisiginoni mpaka ukatulia. Alipofungua mkono akaona vishimo viwili kwenye plasta inayoanza kuganda. Akachovya kiganja majini, akapapasa, akalainisha. Daktari aliporudi plasta ilikuwa inang’aa kama yai.

Fundi alijua kwamba si sawa. Alijiambia pamba ni nene, haitafika kwenye ngozi. Katika kazi ya ukuta alishafunika mabonde makubwa kuliko yale na hakuna aliyelalamika. Ila ukuta hauna mtu ndani yake.

Siku ya tatu Bibi alirudi bila miadi. Mgongoni kwake Cheko alikuwa ameegemeza shavu, macho mazito.

“Hacheki,” Bibi akasema. “Tangu jana jioni hacheki. Watu wa nyumbani wanasema plasta inawasha tu, atazoea. Huyu mimi nimemlea. Akiacha kucheka, kuna kitu.”

Fundi hakufanya mzaha wa kibali. Alimlaza, akachukua mikasi mizito, akakata plasta ya mguu wa kulia kutoka juu hadi chini, akaifungua kama ganda. Kisiginoni palikuwa na kidonda chekundu, ukubwa wa kitufe cha shati, ngozi ya juu imetoka. Daktari akainama kukitazama. Kisha akalichukua lile ganda la plasta, akaingiza kidole ndani na kupapasa mpaka kikasimama mahali.

“Vidole vya nani hivi?”

“Vyangu,” Fundi akasema. “Uliponiacha. Nilimchekesha, mguu ukaruka, nikaudaka vibaya. Halafu nikapalainisha.”

“Ukapalainisha.”

“Nje.”

Daktari hakupandisha sauti. Alisafisha kidonda, akakifunga, akasema plasta zote zisimame mpaka ngozi ifunge, siku kumi au kumi na nne. Kisha akaongeza kwamba dawa ya sindano haitawasubiri milele. Maneno hayo yalimwingia Fundi kuliko kama angetukanwa.

Bibi ndiye aliyemtukana, na kwa haki yake. “Mwanangu, mimi nilikuona mtu wa maana,” alimwambia. “Ningekuletea hata yai, ukae nalo. Kumbe ungelivunja kisha ungelipaka rangi!”

“Ni kweli, Mama.”

“Usiniambie mimi ni kweli. Mwambie mwenye mguu.”

Fundi akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Cheko. Magoti yakalia.

“U... me... ni... finya,” Cheko akasema.

“Nimekufinya. Kosa ni langu, si la mguu wako. Nisamehe.”

Cheko akamtazama. Alikuwa hajawahi kuona mtu mzima mwenye mvi akimwomba msamaha, na inaelekea alipata raha fulani.

“Se... ma... te... na.”

“Nisamehe.”

“Te... na.”

Mara ya nne pembe ya mdomo wake ikatetemeka. Bibi akageukia ukutani kuficha uso.

Walipoondoka, Daktari alifunga mlango. “Hukuona, Fundi? Akicheka, miguu inakaza. Furaha, hofu, kelele, mshituko, kwa misuli yake vyote ni kitu kimoja. Wewe umezoea watoto waliovunjika mifupa. Wale ukiwachekesha wanalegea. Huyu ukimchekesha unamfunga kamba.”

“Sasa nikinyamaza ataogopa. Akiogopa atakaza pia.”

“Sikusema unyamaze. Nimesema usichekeshe.”

Jioni Fundi alikaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani ya mkewe, hana hamu ya chakula. Akamsimulia yote, pamoja na lile la kupalainisha, ambalo lilikuwa gumu kulisema mara ya pili. Mkewe aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

“Kwa hiyo unatafuta maneno yasiyochekesha hata kidogo.”

“Ndiyo. Lakini yawe matamu, asiogope.”

“Na unayo.”

“Yapi?”

“Habari zako za mchanga na saruji. Baba watoto, miaka ishirini na mbili ya ndoa hii, hakuna dawa iliyonilaza usingizi kama hizo. Ukianza tu kuchekecha mchanga, mimi sina habari ya dunia.”

Fundi hakujua kama amesifiwa au amechomwa. Lakini usiku huohuo alimjaribia. Alianza na namna ya kuchagua mchanga wa mto, akaendelea na tundu za chekecheo, na kabla hajafika kwenye maji mkewe alikuwa anakoroma. Hilo likamtosha.

Siku kumi na mbili baadaye ngozi ilikuwa imefunga vizuri. Daktari alikikagua kisigino kwa kidole na kwa macho, akakubali. Sharti la kwanza: Bibi akae nje.

“Mimi?” Bibi akang’aka. “Mimi nimefanya nini?”

“Unachekesha, Mama,” Fundi akasema. “Sote wawili ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Mimi nimepewa dawa, wewe hujapewa.”

Bibi akaenda kukaa kwenye benchi, akiwalalamikia watu wote waliokuwepo kwamba amefukuzwa na mwanaume aliyemfinya mjukuu wake.

Ndani, feni iliwashwa taratibu, pazia likashushwa nusu, simu ya ukutani ikafunikwa kwa mto. Cheko alilala chali akimtazama Fundi, tayari kulipuka. Fundi akaketi kwa upande, asimwangalie sana usoni, akakohoa.

“Ukitaka kujenga nyumba,” akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, “unaanza na msingi. Msingi unachimbwa futi tatu. Udongo unaotoka unauweka upande mmoja, si pande zote mbili, kwa sababu upande wa pili utapitisha toroli. Toroli lina gurudumu moja. Mchanga unauchekecha. Mawe madogo yanabaki juu. Unayamwaga. Unachekecha tena.”

Cheko alingoja pa kucheka. Hapakutokea. Akangoja tena. Toroli likaenda, likarudi. Mchanga ukachekechwa mara ya tatu. Kope zake zikaanza kuwa nzito. Na chini kule, mikononi mwa Daktari, shavu la mguu lililokuwa gumu kama kamba ya kuanikia likaanza kupoa, kidogo, kidogo, kama mtu anayekunjua ngumi baada ya kusahau amekasirikia nini. Daktari akakunja goti la Cheko, akapandisha unyayo polepole.

“Endelea,” akanong’ona.

“Saruji ndoo moja, mchanga ndoo nne. Unachanganya vikavu kwanza. Wengine huwahi kutia maji. Hilo ni kosa. Unageuza kwa koleo kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha kutoka kushoto kwenda kulia.”

Huku anasema mikono yake ilikuwa kazini: soksi, pamba, pamba ya ziada kisiginoni, bendeji kutoka maji ya vuguvugu, mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja ukifunika nusu ya mwenzake. Alishika kwa viganja. Vidole alivikunja nyuma kana kwamba vimeungua. Plasta ikaanza kutoa joto lake, lile joto la kuganda, na Cheko akafumba macho kabisa. Daktari akapiga miayo. Fundi alimwona lakini hakusema kitu, na hiyo, wanaomjua wanasema, ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya hospitalini.

Kabla ya kumrudisha kwa Bibi alibonyeza ukucha wa kila kidole cha mguu, vyote kumi, kuona damu inarudi. Akamwelekeza Bibi: vidole viwe na joto, visibadilike rangi, visivimbe. “Na akiacha kucheka,” akasema, “usimsikilize mtu. Mlete.”

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, nalo ni kutoa plasta. Msumeno wa plasta haukati ngozi, unatetemeka tu, lakini unalia kama nyigu elfu moja, na sauti hiyo pekee ingemkaza Cheko mwili mzima. Fundi akaacha ncha ya bendeji imechomoza, ameikunja kama mkia, akamwambia Bibi kwamba asubuhi ya kurudi aloweke miguu kwenye beseni mpaka plasta ilainike, kisha avute mkia na kuzungusha kinyume. Bibi aliipenda kazi hiyo. Alisema ni sawa na kumenya chungwa, ila chungwa hili linakupiga maji usoni.

Wakaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Bandu bandu huisha gogo. Kila wiki kipimo cha plastiki cha Daktari kilionyesha unyayo umepanda nyuzi tatu, nyuzi nne, wiki moja mbili tu. Nyumba nayo ilikuwa inapanda, kwa sababu Cheko hakukubali Fundi aanze upya.

“Tu... li... ishia... msi... ngi,” alimkumbusha wiki ya tatu.

Wiki ya nne alidai dirisha liwe upande wa barabara. Fundi akaeleza kwa urefu kwa nini dirisha la upande wa barabara huingiza vumbi. Cheko akasema dirisha liwe hapohapo. Likawekwa. Alikuwa hacheki, lakini alikuwa na furaha. Na hilo Fundi hakuwa amelijua maisha yake yote, kwamba mtu anaweza kuwa na furaha na asionyeshe jino hata moja.

Wiki ya sita, mguu wa kushoto ulifika pembe mraba kamili. Wa kulia, ule uliopata kidonda, ulibakisha nyuzi tano. Fundi alizitazama hizo tano kama deni lake. Daktari akapima mara ya pili, akaweka kipimo mfukoni.

“Zinatosha kutembea,” akasema. “Zilizobaki tutazidai kwa mazoezi.”

Kabla ya vikinga kuvishwa, Daktari alitaka kumwona amesimama miguu mitupu. Bibi akaruhusiwa kuingia. Cheko akashika kingo za kitanda, Fundi akakaa nyuma yake bila kumgusa. Akashuka. Vidole vikagusa sakafu kwanza, kama kawaida yao. Kisha, polepole, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini, visigino vikashuka, vikafika.

Daktari akaanza kuhesabu kwa kunong’ona. Hata Bibi alihesabu.

Alisimama hivyo kwa muda wa kuhesabu ishirini, akakalishwa. Kwenye vumbi jeupe la sakafu zilibaki alama za nyayo mbili nzima, vidole, mkunjo wa katikati na kisigino. Bibi akaziinamia, mikono magotini, akaziangalia kwa makini kama anasoma barua. Mfagiaji alipotokea mlangoni na deki yake alikemewa mpaka akarudi nyuma.

“Daktari,” Fundi akasema kwa upole, “leo hakuna plasta.”

“Hakuna.”

“Kwa hiyo naweza?”

Daktari akatazama dirishani, akapumua. “Unaweza.”

Wiki nane za mizaha zilikuwa zimemjaa Fundi kama maji nyuma ya bwawa. Zikatoka zote. Cheko alicheka mpaka miguu ikawa fito, akateleza kitandani, Bibi akamdaka, Bibi naye akakosa nguvu kwa kicheko, wote wawili wakaishia sakafuni juu ya zile nyayo, wakawa weupe kuanzia kichwani.

Haikuwa mwisho wa kazi. Vikinga vilimbana kwanza, vikarekebishwa mara mbili. Kila asubuhi na kila jioni Bibi alimnyoosha miguu, polepole, huku akimsimulia jinsi ya kupepeta maharage, ambayo ndiyo habari kavu pekee aliyokuwa nayo. Daktari alimwonya mapema kwamba mifupa ya mtoto hurefuka upesi kuliko misuli iliyokaza, kwa hiyo mwaka mmoja au miwili mbele huenda plasta zikarudi, na upasuaji bado ungeweza kuja. Bibi akasema vije, wao watakuwepo.

Miezi sita baadaye walikuwa na miadi ya saa mbili na nusu. Saa tatu ikapita. Saa nne kasoro, Fundi akiwa ameshafunga mikono miwili na mguu mmoja, akaenda mlangoni kuchungulia ukumbi. Kule mwisho, alitokea Cheko amesimama katikati ya kigari chake cha chuma cha kujisukumia, viatu vipya vyeusi, vikinga vimefungwa mkanda juu ya soksi nyekundu. Anasukuma, anasimama, anapumua, anasukuma. Nyuma yake Bibi anakuja kwa mwendo uleule, mikono yote miwili mbele kama mtu anayefukuza kuku.

“Mama, mbona mmechelewa?” Fundi akauliza kwa sauti. “Daktari alishawaulizia mara mbili.”

“Usiniulize mimi!” Bibi akajibu kutoka mbali. “Getini tumeingia saa mbili. Nimetaka kumbeba, kanikatalia. Mfagiaji ametupita mara tatu, na mara ya tatu ametusalimia kama wenyeji.”

Cheko alisimama. Aliweka neno lake sawa kwanza, kama kawaida, na ukumbi mzima ukamngoja.

“Fu... ndi,” akasema. “To... ka... nji... ani.”

Fundi akatoka njiani.